Kero ya mtaro: namna ya kuitoa kwenye "Mengineyo" mpaka kwenye bajeti

Mtaro umeziba, kalavati limevunjika, mvua ikinyesha maji yanaingia ndani. Mkutano wa mtaa ukiitishwa watu wanasimama mmoja baada ya mwingine, wanasema kwa uchungu, mwenyekiti anajibu "tumelipokea", mkutano unafungwa. Mwaka unaofuata ni yaleyale.

Ukifunua mihtasari ya mikutano hiyo utaikuta kero, lakini imebanwa chini ya kichwa cha mwisho kabisa, "Mengineyo", kwa mstari mmoja: "Wananchi walilalamikia mtaro." Hakuna azimio, mhusika wala tarehe. Karatasi ya namna hiyo haipandi hata ngazi moja, kwa sababu aliye juu hajaombwa kitu.

Maelezo haya ni ya halmashauri za miji Tanzania Bara, miji ya ukubwa wa Korogwe, Masasi, Makambako au Babati, ambako ngazi ya chini ni mtaa. Kijijini njia ni hiyohiyo, ila badala ya mkutano wa mtaa kuna mkutano mkuu wa kijiji, na halmashauri ya kijiji ina nguvu zaidi kisheria kuliko kamati ya mtaa. Mfano wetu ni mtaro na kalavati. Dampo, choo cha soko na zahanati isiyo na maji hupita humohumo, tofauti ni mlango wa mwisho tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kaunta buku moja. Humu utaandika kila tarehe, kila jina la ofisi uliyoingia na kila jibu. Usitumie karatasi za kutawanyika.
- Tepu ya kupimia ya mita 30, au kamba uliyoifunga fundo kila baada ya mita moja.
- Simu yenye kamera na ramani.
- Faili la kadibodi na bunda dogo la karatasi za A4.
- Pesa ya fotokopi. Kila barua itoke nakala tatu: ya ofisi, ya ofisi ya juu yake, na yako ya kugongwa muhuri.
- Watu watatu hadi watano wa mtaa huo huo walio tayari kufuatilia kwa mwaka mzima. Mtu mmoja akiugua au akihama, kero isilale. Awepo mama mmoja au wawili wanaoshinda eneo hilo mchana, maana wao ndio wanaojua maji yalifika wapi na lini.

Jambo la kufahamu mapema: mtaa hauna bajeti yake. Mwenyekiti hana fungu la kujenga kalavati, hata awe mwema kiasi gani. Kazi yake ni kuitisha mkutano, kusimamia azimio na kulipeleka. Kumlaumu kwa kutojenga ni kumlaumu tarishi kwa barua isiyoandikwa.

## 1. Jua kero ni ya nani

Hapa ndipo wengi wanapopoteza miezi sita ya mwanzo. Wanaipeleka kero ya barabara kwa bwana afya, na ya maji kwa mkurugenzi, kila ofisi inasema "si kwetu", na kweli si kwao.

Barabara kuu na barabara za mkoa, pamoja na mitaro yake, ni za TANROADS. Barabara za ndani ya mji na za wilaya, pamoja na mitaro na makalavati yake, ni za TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Tangu hapo halmashauri haitengenezi barabara hizo moja kwa moja, ingawa wananchi wengi bado wanambana mhandisi wa halmashauri.

Halmashauri yenyewe imebaki na taka, masoko, stendi, machinjio, zahanati, shule za serikali, vibali vya ujenzi na usafi wa mazingira. Maji ya bomba mjini ni ya mamlaka ya maji ya eneo lenu, na vijijini ni RUWASA. Nguzo iliyoinama au waya uliokatika ni TANESCO, na hilo halingoji mkutano: piga simu papo hapo.

Namna ya kuthibitisha: nenda kwa mtendaji wa kata, mtajie jina la barabara na uulize iko chini ya nani. Hana uhakika? Ofisi ya meneja wa TARURA wa wilaya ina orodha ya barabara zake zote kwa majina na urefu. Barabara isiyo kwenye orodha hiyo haipangiwi fedha za matengenezo. Ukikuta yako haimo, ombi lako la kwanza linageuka: omba itambuliwe na kuingizwa.

Tahadhari: mtaro wenye maji ya mvua na taka za soko una wenyewe wawili. TARURA watasema umezibwa na taka, halmashauri watasema mtaro ni wa barabara. Andika barua mbili siku moja, kila moja ikieleza sehemu yake tu, na kila moja ionyeshe nakala imekwenda kwa nani. Hapo hakuna atakayeweza kumsukumia mwenzake.

Neno kuhusu balozi wa nyumba kumi. Ni mtu wa msaada na anajua kila kaya, lakini ni kiongozi wa chama, si ngazi ya serikali za mitaa. Ukiishia kwake, kero haijaingia serikalini.

## 2. Pima, usikadirie kwa macho

"Mtaro mkubwa sana umeharibika" haimsaidii mhandisi. Chukua tepu na watu wawili mkapime hivi:

Urefu wa sehemu iliyoharibika, kutoka alama isiyohama hadi nyingine. Alama iwe kalavati, kona ya barabara au ukuta wa shule, isiwe duka wala mti. Kisha upana wa juu, kina cha mtaro, na unene wa tope lililojaa. Tope unalipima kwa kuchomeka kijiti kilichonyooka mpaka kigote chini.

Mfano: mtaro wa mita 60, upana mita 0.6, tope mita 0.3. Zidisha zote tatu upate mita za ujazo 10.8. Lori dogo la mita za ujazo 3 litakwenda safari nne. Sasa mna kitu cha kuzungumza: si "kuzibua mtaro" bali safari nne za lori na mahali pa kumwaga. Hilo la mahali pa kumwaga ndilo linalosahauliwa. Tope likirundikwa ukingoni, mvua ya kwanza hulirudisha lote ndani.

Kwa kalavati, pima kipenyo cha bomba (mengi ya mtaani ni milimita 600 au 900), hesabu mabomba mangapi yamepangwa, na uandike tatizo ni lipi kati ya haya: limeziba, limepasuka, limezama, au udongo umeliwa pembeni. Udongo ulioliwa pembeni ni hatari kuliko ufa, kwa sababu barabara juu yake inaweza kukatika ghafla lori likipita.

Picha zipigwe mara mbili: siku kavu, na saa za mwanzo baada ya mvua. Mtu mzima asimame ndani ya picha ili kina kionekane. Weka alama ya mahali kwenye ramani ya simu na uandike namba zake kwenye kaunta buku.

Halafu hesabu kaya. Piteni nyumba kwa nyumba, andikeni idadi ya kaya zilizoingiwa na maji na tarehe zilipoingiwa. Msiandike "kaya nyingi". Kaya 23 zilizothibitishwa zina nguvu kuliko 200 za kusemwa mkutanoni, kwa sababu mtu wa halmashauri akija kukagua na kuzikuta 40 tu kati ya 200, faili zima linapoteza imani.

Umefanikiwa hatua hii ikiwa mtu asiyejua mtaa wenu anaweza kusoma ukurasa mmoja wa daftari lako na kufika mahali pa tatizo bila kuuliza njia.

## 3. Tenga ya kwenu na ya serikali

Kabla ya kuomba, ondoeni kwenye orodha yale yanayowezekana kwa msaragambo: kufyeka nyasi, kuzoa taka, kuzibua sehemu fupi ya mtaro wa udongo. Kamati ya kata ikipanga vipaumbele huwa inaegemea mtaa ambao tayari umeweka mkono. Picha za siku ya msaragambo ziingie kwenye faili.

Msiguse kalavati, mtaro wa zege wala ukingo wa barabara bila kumwarifu mwenye barabara. Kuna mitaa iliyopanua mtaro kwa nguvu zake na kujikuta imeyapeleka maji yote nyumbani kwa jirani wa chini, na kesi ikahama kutoka ofisi ya mhandisi kwenda baraza la kata.

Kuhusu michango ya fedha: isikusanywe hata shilingi moja kabla mkutano haujaazimia kiasi, kazi na mwisho wa kukusanya. Kila anayetoa apewe stakabadhi. Malipo ya kwenda halmashauri yawe na kumbukumbu namba ya malipo ya serikali. Mtu akisema "nipe mkononi nitakupitishia", mwambie hapana. Fedha zikitoweka, TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113 bila malipo, lakini bila stakabadhi hamtakuwa na cha kuwaonyesha.

## 4. Iingie kwenye ajenda, si kwenye "Mengineyo"

Andika barua kwa mwenyekiti wa mtaa angalau wiki mbili kabla ya mkutano. Ukichelewa, ajenda itakuwa imeshabandikwa na utaambiwa "utasema kwenye mengineyo". Wakati huo nusu ya watu wameondoka, jua ni kali, na mwenyekiti anatazama saa.

Barua isizidi ukurasa mmoja. Anwani yako juu kulia, tarehe, kisha "Mwenyekiti wa Mtaa", kisha kichwa:

YAH: OMBI LA KUINGIZA AJENDA YA MTARO NA KALAVATI KATIKA MKUTANO WA MTAA

Ndani yake mambo manne tu: tatizo liko wapi na lina vipimo gani, kaya ngapi zinaathirika, mnaomba mkutano uazimie nini, na nani atawasilisha. Chini yake: "Nakala: Mtendaji wa Mtaa, Mtendaji wa Kata." Nakala kwa mtendaji wa kata si ya kumtisha mwenyekiti. Ni kwa sababu mtendaji wa kata ndiye katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako kero itafika baadaye, na ni vizuri awe ameiona mara ya kwanza kabla.

Peleka kwa mkono. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na iandikwe tarehe. Ofisi isiyo na muhuri? Mpokeaji aandike jina, tarehe na sahihi. Barua isiyo na alama ya kupokelewa, kwa ofisi yoyote, haijawahi kufika.

Mwenyekiti akikataa kuitisha mkutano, msianze ugomvi wa maneno barazani. Andikeni barua ya pili, safari hii ikiwa na majina na sahihi za wakazi, ielekezwe kwa mtendaji wa kata na nakala kwa diwani. Mara nyingi mkutano hupatikana baada ya hapo, kwa kuwa ukimya wa mwenyekiti sasa uko kwenye maandishi.

## 5. Ndani ya mkutano: azimio lenye viungo vinne

Hakikisha daftari la mahudhurio linapita na kila mtu anasaini. Muhtasari bila mahudhurio unapingwa kirahisi.

Aliyepangwa kuwasilisha aseme kwa dakika tano, asome vipimo, aonyeshe picha mbili zilizochapwa. Asiwataje watu kwa majina kwamba wametupa taka. Mkutano ukishageuka wa kutafuta mchawi, azimio halipatikani tena siku hiyo.

Kisha mwombe mwenyekiti aihoji hadhara, na katibu, yaani mtendaji wa mtaa, aandike azimio papo hapo na kulisoma kwa sauti kabla ya kwenda ajenda nyingine. Azimio zima lina viungo vinne: jambo, mhusika, tarehe, mrejesho. Kwa mfano:

"Azimio Na. 3: Mkutano umeazimia kuiomba TARURA wilaya ikague na kurekebisha sehemu korofi ya mtaro na kalavati katika barabara ya (jina), kati ya (alama) na (alama), urefu wa mita 60, ili maji yasiingie kwenye kaya 23 zilizoorodheshwa. Mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wawasilishe barua kabla ya tarehe 15 Oktoba. Mrejesho utatolewa mkutano ujao chini ya Yatokanayo."

Maneno "sehemu korofi" hayakuwekwa kwa mapambo. Wenye barabara hugawa kazi zao katika matengenezo ya kawaida, ya sehemu korofi na ya muda maalum, na kila kundi lina fedha zake. Ombi linalotumia jina la kundi linasomwa na mhandisi kama kazi, si kama kilio.

Na tazama kilichoachwa: azimio halijasema "wekeni bomba la milimita 900". Semeni tatizo na matokeo mnayotaka, kipimo mwachieni mhandisi. Huenda tatizo si kalavati lenu, bali lile la chini lililo dogo zaidi. Mkilazimisha bomba kubwa juu na chini limebaki la 600, mafuriko yanahama tu.

"Yatokanayo" nayo ishikeni. Ndicho kichwa cha ajenda kinachomlazimisha kiongozi kujibu alichoahidi mkutano uliopita. Kero iliyoko kwenye Yatokanayo iko hai. Iliyoko kwenye Mengineyo imeshakufa, inasubiri mazishi.

## 6. Chukua muhtasari ndani ya siku saba

Muhtasari unaokaa kichwani mwa katibu hubadilika. Mfuate mtendaji wa mtaa ndani ya wiki, jitoleeni hata kumchapia. Kagueni vitu hivi: tarehe na mahali, idadi ya waliohudhuria, azimio neno kwa neno kama lilivyosomwa, sahihi za mwenyekiti na katibu, na muhuri. Ambatisheni orodha ya mahudhurio, orodha ya kaya, vipimo na picha.

Kosa la kawaida: azimio kuandikwa upya kwa lugha laini, "wananchi walishauri kwamba ingefaa". Rudisheni. Neno ni "mkutano umeazimia".

## 7. Kata: hapa kero zinashindana

Kamati ya Maendeleo ya Kata huongozwa na diwani, mtendaji wa kata ni katibu, na wenyeviti wa mitaa yote ya kata ni wajumbe. Maana yake ni kwamba mwenyekiti wenu ataingia humo akishindana na wenzake, kila mmoja na mtaro wake. Akienda mikono mitupu atarudi mikono mitupu. Mpeni ukurasa mmoja wa muhtasari wa kero, na nakala za kutosha kwa wajumbe.

Wakati ni kila kitu hapa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai. Ukirudi nyuma kutoka hapo: Bunge hupitisha bajeti kati ya Aprili na Juni, mabaraza ya madiwani hupitisha rasimu zao mwanzoni mwa mwaka, na kata huwa zimekusanya vipaumbele vya mitaa kabla ya hapo. Kwa hiyo mkutano wenu wa mtaa uwe Septemba au Oktoba. Muulizeni mtendaji wa kata siku hasa ya kikao cha vipaumbele mwaka huu, maana husogezwa kufuatana na mwongozo wa bajeti unaotoka Hazina. Azimio linalofika Machi linasubiri mwaka mwingine mzima, hata liwe limeandikwa kwa dhahabu.

Bahati mbaya, kalenda ya bajeti haiendani na ya mvua. Korogwe masika ni Machi hadi Mei, na vuli huja kabla; Makambako na Masasi mvua ni za msimu mmoja, huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili. Hivyo kazi ya kuzibua iombwe kwenye matengenezo ya kawaida ya mwaka huu, na kalavati jipya liombwe kwenye bajeti ya mwaka ujao. Maombi mawili, barua mbili. Ukiyachanganya, dogo litasubiri kubwa.

Onaneni na diwani kabla ya kikao, si baada. Mheshimiwa apewe faili, apelekwe kwenye eneo, ikibidi siku ya mvua na buti. Diwani aliyekanyaga lile tope anazungumza tofauti na aliyesimuliwa.

Mmefanikiwa hatua hii mkiona kero yenu kwa jina na mahali kwenye orodha ya vipaumbele ya muhtasari wa kata. "Kuboresha miundombinu ya kata" haitoshi. Ndani ya maneno hayo mtaro wenu umezama.

## 8. Halmashauri na mwenye barabara

Kutoka kata, njia zinagawanyika.

Kwa kero ya halmashauri (taka, soko, zahanati), muhtasari wa kata huenda kwa mkurugenzi, idara husika na ofisi ya mipango, kisha kamati za kudumu za madiwani, halafu Baraza la Madiwani. Baraza hukutana kila robo mwaka, na Kamati ya Fedha na Uongozi kila mwezi.

Kwa barabara, barua inakwenda kwa meneja wa TARURA wa wilaya, na nakala kwa mkurugenzi na diwani. Mipango ya barabara ya wakala hujadiliwa pia kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambako mbunge wenu ni mjumbe. Mbunge pia ndiye mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Jimbo, na fedha za mfuko huo, ingawa si nyingi, zimewahi kumalizia kazi ndogo zilizoanzwa na wananchi. Mpeni nakala.

Vikao vya baraza ni vya wazi. Mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza, haruhusiwi kusema. Nendeni wawili au watatu, kaeni kimya, andikeni. Mnachotaka kusema aseme diwani: anaweza kuwasilisha swali kwa maandishi kabla ya kikao kwa kufuata kanuni za kudumu, na likiulizwa hivyo hujibiwa kwa maandishi. Jibu la maandishi la baraza lina thamani kuliko ahadi kumi za kwenye jukwaa.

Mkuu wa Wilaya? Anasaidia sana kusukuma ofisi zilizolala, na mikutano yake ya kusikiliza kero itumieni. Lakini yeye ni mwakilishi wa serikali kuu, hapitishi bajeti ya halmashauri. Akisema "mkurugenzi, hili litatue", kesho yake pelekeni barua ya kukumbushia yenye tarehe ya agizo hilo, la sivyo litabaki kwenye video.

## 9. Bajeti imepita, fedha hazionekani

Kupitishwa si kutolewa. Kila robo mwaka ulizeni swali moja kwa maandishi: kazi fulani, iliyo kwenye mpango wa mwaka fulani, imetengewa kiasi gani na kimetolewa kiasi gani hadi leo?

Mkinyimwa jibu, tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016. Raia anaandika ombi lenye jina, anwani na maelezo ya kutosha ya taarifa anayotaka, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Omba hati, usiombe maelezo: "nakala ya ukurasa wa mpango wa matengenezo unaoonyesha barabara hii" hujibiwa, "kwa nini hamtujali" haina jibu la kisheria. Mfumo wa serikali wa e-Mrejesho nao unapokea malalamiko kwa simu, na unakupa namba ya kufuatilia. Iandike kwenye kaunta buku.

Kuhusu habari na mitandao ya kijamii: picha ya mafuriko ikisambaa huleta wageni haraka, lakini wageni hao huleta ahadi. Itumieni mkishakuwa na faili, siyo badala ya faili.

## 10. Mkandarasi akifika

Ombeni bango la mradi lenye jina la kazi, gharama na muda. Piga picha kabla udongo haujaguswa.

Mambo matatu mtu asiye fundi anaweza kuyakagua bila kumuudhi mtu:

Mteremko. Mtaro unahitaji kushuka angalau sentimita 5 kwa kila mita 10. Njia rahisi ni ndoo ya maji: mwaga juu, angalia kama yanatembea hadi mwisho. Yakituama katikati, sema siku hiyo hiyo, kabla zege halijakauka. Baada ya hapo ni kuvunja, na hakuna atakayekubali kuvunja.

Umwagiliaji. Zege jipya limwagiwe maji au lifunikwe likiwa bichi kwa siku saba angalau. Zege lililoachwa likaukie juani hupasuka na kuanza kumomonyoka mapema. Jirani aliye karibu anaweza kusaidia kwa ndoo, kwa makubaliano na fundi.

Mwisho wa mtaro. Maji yanaishia wapi? Mtaro unaoishia katikati ya uwanja wa mtu ni kero mpya ya mwakani. Kama mwisho haupo kwenye mchoro, mwandikieni mhandisi kabla ya kazi kukabidhiwa.

Malalamiko ya ubora yaende kwa msimamizi wa mradi kwa maandishi, siyo kwa vibarua. Kibarua analipwa kwa siku na hana mamlaka ya kubadili chochote.

Siku ya makabidhiano, piteni na tepu yenu ile ile. Pimeni mita 60, soma ukurasa wa kwanza wa kaunta buku, na linganisheni kabla mwenyekiti hajaweka sahihi.